Habari za Maisha ya Askofu Festo Kivengere



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike katika sehemu hii ya Kiswahili habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu walionitangulia wameandika habari za wafalme, wavumbuzi na viongozi wa serikali. Mimi nimemchagua Festo Kivengere. Wengi wenu mnamjua kuwa alikuwa askofu wa Kigezi, mhubiri aliyezunguka dunia, na mtu aliyeukimbia utawala wa Idi Amin. Hayo yote ni kweli, nami nitayafikia. Lakini nitaanza na ujana wake alipokuwa mlevi, maana ndio ulionifanya nitafute habari zake.

Kwanza niwaambie kwa nini. Kwetu ni karibu na Busia, mji wenye jina moja na serikali mbili, nusu yake Kenya na nusu yake Uganda. Kila mtu wa huku anajua chungu cha ajono. Wimbi huloweshwa na kuchachushwa, huwekwa katika chungu kikubwa, na maji ya moto huongezwa kila yanapopungua. Wazee huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu mkononi. Waiteso huita pombe hiyo ajono. Majirani zetu Wajopadhola wa Tororo nao wana yao ya namna hiyo, na Wasamia na Waluhya wengine wana busaa. Chungu hicho si kitu kibaya kwa asili yake. Hapo watu walipatana juu ya mahari, wakamaliza kesi za mashamba, wakawalilia wafu. Mtu aliyeketi hapo alikuwa na wenzake.

Lakini kando ya chungu ilikuja pombe kali. Kwetu upande wa Kenya huitwa chang'aa, na upande wa Uganda huitwa waragi. Serikali zimejaribu mara nyingi kuitawala. Uganda ilitunga sheria ya enguli mwaka 1965 ili mtu asiikoroge pasipo leseni. Kenya iliweka sheria mpya ya vileo mwaka 2010. Uganda ilipiga marufuku vipakiti vidogo vya waragi mwaka 2019, lakini Kenya ilikuwa imevikataza tangu mwaka 2004, na kwa miaka yote ile ya katikati vilivuka mpaka mifukoni mwa watu. Tukiwa watoto tuliviokota vikiwa vitupu njiani, tukavifanya mashua katika mitaro ya maji ya mvua.

Baba yangu ni mwendesha bodaboda. Mnajua kwamba jina hilo lilizaliwa kwetu Busia, hapo vijana wa baisikeli walipowabeba wasafiri kutoka mpaka mmoja hata mwingine. Baba alianza kwa baisikeli, akapata pikipiki, na kwa pikipiki hiyo nililipiwa karo. Kisha akaanza kunywa pombe kali, kwanza jioni, halafu adhuhuri, halafu kabla ya chai. Nilipokuwa kidato cha tatu pikipiki iliwekwa rehani, na haikurudi. Sitaki kusema mengi zaidi. Baba amesoma maandiko haya kabla sijayatoa, akaniambia niache jina lake lakini nisiache ukweli.

Sasa nirudi kwa Festo.

Alizaliwa mwaka 1919 katika nchi ya Kigezi, kusini magharibi ya Uganda, karibu na mipaka ya Rwanda na Kongo. Watu wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe, naye utotoni alichunga kama watoto wengine wa kwao. Ukoo wake ulikuwa wa watawala. Alijifunza kusoma kwa wamisheni, akasoma shule za huko Kigezi, kisha akapelekwa katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akafanywa mwalimu. Kijana wa kuchunga ng'ombe akawa mwalimu mwenye mshahara, viatu na baisikeli. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Aliporudi kufundisha kwao, aliikuta nchi imebadilika. Ule uamsho wa dini ulikuwa umeingia Kigezi. Asili yake yafaa ijulikane na kila mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, Mwafrika mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana wakasoma Biblia pamoja na kuombea mioyo yao wenyewe. Daktari akarudi kazini kwake katika hospitali ya Gahini, Rwanda, na huko wahudumu wa hospitali na walimu wakaanza kukiri mbele ya wenzao mambo waliyoyaficha. Mnamo Septemba 1935 waliongoza mkutano mkubwa Kabale. Watu wakarudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaomba msamaha kwa adui zao. Waganda wakawaita Balokole, maana yake waliookoka. Mwaka 1937 kikundi chao kilifika Kenya, na baada ya muda si mrefu habari zikafika Tanganyika.

Festo hakupendezwa hata kidogo. Alikuwa amebatizwa, lakini imani ilikuwa imemtoka. Aliwaona Balokole kuwa watu wa kelele, wasio na haya, wanaotoboa siri za nyumba mbele za watu. Jamaa zake wengine walikuwa miongoni mwao, wakamwombea pasipo kuficha, naye akazidi kukasirika. Akawa mnywaji. Alifundisha mchana, na baada ya hapo akanywa na rafiki zake. Yeye mwenyewe hakuificha habari hiyo baadaye. Alipokuwa askofu, na watu wakimwinamia kumsalimu, aliendelea kuisimulia.

Hapa nataka msome taratibu. Siku moja ya mwaka 1941 Festo alikuwa akirudi nyumbani kwa baisikeli, amelewa. Njiani akakutana na rafiki yake, naye juu ya baisikeli, anakuja mbio. Rafiki huyu alikuwa mwenzake katika mambo yao mabaya. Akamwambia kwamba saa chache tu zilizopita amempokea Kristo, ya kuwa amesamehewa, na ya kuwa ametaka kumwona Festo ili amwombe msamaha kwa mambo waliyoyafanya pamoja. Akayataja. Kisha akapanda baisikeli yake akaenda zake, mwenye furaha.

Festo akabaki njiani. Kama angehubiriwa na askofu, angejibu. Kama angekemewa na mwalimu mkuu, angekasirika. Lakini huyu alikuwa mlevi mwenzake, aliyejua pombe ilivyo tamu na asubuhi yake ilivyo chungu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mtu atabishana vipi na hilo? Festo akafika nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda chake, na tangu siku ile akaacha kunywa.

Wengi wanaosimulia habari hii hukomea hapo. Husema aliokoka, akaacha pombe, basi. Mimi nalikuwa nikiisikia hivyo kanisani, nami nikaichukia, kwa sababu baba yangu naye alipiga magoti mara tatu, na mara tatu akanywa tena. Nikafikiri ama Festo alikuwa mtu wa namna nyingine, ama baba yangu hakupiga magoti vizuri.

Kisha mzee mmoja wa kikundi nitakachowaeleza akaniuliza swali. Aliniuliza kama najua Festo alikwenda wapi siku iliyofuata. Sikujua. Nikaenda maktaba ya shule nikasoma.

Alikwenda kwenye mkutano wao. Alikwenda kwa wale wale aliowadharau, akaketi kati yao, akasema mambo yake. Akarudi tena, na tena. Balokole walikuwa na desturi ya kukutana kila juma, nyumbani mwa mtu au chini ya mti. Walikuwako wanaume na wanawake, walimu na watumishi wa jikoni, Waafrika na Wazungu wachache. Hapakuwa na kiti cha mkubwa. Mtu alisimama akasema juma lake lilivyokwenda: ametamani nini, amemdanganya nani, amemkasirikia mkewe kwa neno gani. Desturi hiyo waliiita kutembea katika nuru. Wenzake walimsikiliza, wakamwombea, wakaimba Tukutendereza, wimbo wao unaojulikana mpaka leo. Na asiyeonekana mkutanoni alitembelewa nyumbani kwake.

Tena hawakuishia katika kusema. Iliwapasa kutengeneza walichoharibu. Festo alikuwa akimchukia Mzungu mmoja wa misheni. Akaona hawezi kuimba na wenzake huku amebeba chuki ile. Akapanda baisikeli, akaenda umbali wa kama maili 50, akamtafuta mtu yule akamwomba msamaha, wakapatana. Hebu fikirini maili 50 za milima ya Kigezi. Mimi nimekwenda kwa baisikeli kutoka Tororo mpaka Busia, nchi tambarare, na nilipofika miguu ilinitetemeka.

Basi nilipoyasoma hayo nikaelewa. Mtu anayeacha pombe hupoteza zaidi ya kinywaji. Hupoteza na ile duara ya watu kukizunguka chungu. Jioni inapofika, miguu yake humpeleka kule kule ilikozoea, maana ndiko waliko rafiki zake. Ukimwambia aache pombe, na humpi mahali pengine pa kuketi, umemwambia aishi peke yake, na watu wachache wawezao kuishi peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Festo aliacha duara moja akaingia nyingine siku zile zile.

Mwaka 1943 Festo alimwoa Mera, naye alikuwa wa ushirika huo, wakapata mabinti wanne. Miaka ya katikati ya 1940 walihamia Dodoma, Tanganyika, na huko Festo akafundisha katika shule ya sekondari mpaka mwaka 1959. Huko ndiko alikozoea Kiswahili, akakisema vizuri sana, na mwaka 1960 alikuwa mkalimani wa mhubiri Mwamerika Billy Graham alipofika Tanganyika. Lakini jambo ninalopenda ni kwamba, kila alipohamia, Festo na Mera walianza au walitafuta kikundi cha kukutana nacho. Hakujihesabu kuwa amepona kiasi cha kutohitaji wenzake.

Baadaye alisoma theolojia huko Pittsburgh, Marekani, akapewa ukasisi mwaka 1967. Mwaka 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi. Huo ulikuwa wakati mgumu, kwa maana Idi Amin alikuwa ametwaa serikali mwaka mmoja mbele. Tarehe 10 Februari 1973 watu watatu waliletwa katika uwanja wa Kabale wapigwe risasi mbele ya umati. Festo alikuwa amemwendea Amin kuwaombea, asisikilizwe. Akaomba ruhusa ya kusema na wale watu kabla ya kufa, akapewa. Akawakaribia na makasisi wenzake, akashangaa kuwaona wana amani, tayari wamekwisha kumwamini Mungu wao. Wakafa hivyo.

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Kampala. Festo alikuwa mmoja wa maaskofu waliokuwa pamoja naye siku ile kabla hajatengwa nao. Siku chache baadaye akaambiwa yeye naye anatafutwa. Usiku, yeye na Mera wakaivuka milima kwa miguu mpaka Rwanda. Mwaka ule ule akatoa kitabu kidogo, na jina lake liliwashangaza watu, maana alisema anampenda Amin. Hakusema kwamba mauaji ni mambo madogo. Alisema kwamba chuki itamwua yeye mwenyewe kabla haijamfikia Amin. Nami nadhani somo hilo alilijifunza juu ya baisikeli mwaka 1941, alipokwenda kupatana na yule Mzungu.

Amin alipoanguka mwaka 1979 Festo akarudi, akalitumikia jimbo lake. Mwaka 1983 aliwapa wanawake ukasisi, jambo ambalo wengi katika kanisa la Uganda hawakuwa tayari kulifanya. Alikufa Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa ugonjwa wa kansa ya damu, akazikwa Kabale. Tangu ile siku ya baisikeli mpaka kufa kwake ni miaka 47.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya dini tu, na asiye wa dini hiyo hayamhusu. Basi sikilizeni jambo lililonishangaza. Mwaka ule ule wa 1935, uliokuwa mwaka wa mkutano wa Kabale, Wamarekani wawili wasiowajua Balokole kabisa walikutana katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Mmoja alikuwa Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, na mwingine Dokta Robert Smith, mpasuaji. Wote wawili walikuwa walevi wa kupindukia. Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache. Biashara yake Akron ikaharibika, akabaki hotelini peke yake, na baa ikiwa hapo hapo. Akaogopa. Badala ya kuingia baa akashika simu, akapiga kwa makasisi wa mji, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyompata Smith. Wakazungumza saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935 Smith alikunywa mara ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chama kinachoitwa Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939 walitoa kitabu chenye hatua zao kumi na mbili. Smith alikufa mwaka 1950, na Wilson mwaka 1971. Leo vikundi vyao vimo katika nchi nyingi, hata Kenya na Uganda.

Ukivilinganisha, utaona vinafanana. Mtu husema ukweli kwa kinywa chake mbele ya wenzake. Anayemsikiliza ni yule aliyepita njia hiyo hiyo. Hutengeneza alichoharibu kwa watu. Hurudi juma kwa juma. Kisha yeye naye humwendea mwingine, kama yule rafiki wa Festo alivyomwendea Festo. Na kwa kumsaidia mwingine hujisaidia nafsi yake. Nyanda za Ohio na milima ya Kigezi hazikupelekeana barua, lakini zilifika mahali pamoja. Basi nadhani jambo hili ni la tabia ya mwanadamu.

Sitaki kuwasifu Balokole kupita kiasi. Baadhi yao walikuwa wakali. Aliyeanguka aliweza kuaibishwa, na wengine walidhani wao peke yao ndio safi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono kwa sababu ya ugomvi juu ya mambo hayo, na kosa halikuwa la upande mmoja. Huko Akron walichagua njia nyingine: haitakiwi ada, jina lako halitolewi nje, na sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha pombe. Aliyeanguka Jumatatu anaweza kuketi tena Jumanne. Katika jambo hili naona wana busara.

Sasa nimalize habari ya baba. Mwaka juzi mjomba alimpeleka kwenye kikundi kinachokutana kila Alhamisi katika chumba cha kanisa, karibu na njia ya Tororo. Si kikundi kikubwa. Yumo dereva wa lori, mama muuza samaki, mwalimu aliyestaafu, na yule mzee aliyeniuliza swali. Hujadiliana Kiswahili, kwa kuwa wametoka makabila mbalimbali na pande zote mbili za mpaka. Baba alikwenda mara ya kwanza akaketi karibu na mlango. Hakusema neno. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya nne akasimama akasema habari ya pikipiki, na ya karo, na ya mama.

Kabla ya hapo palikuwa na hatari ambayo nataka kila msomaji aijue. Baba alikuwa amejaribu kuacha kwa siku moja, kama mtu azimaye taa. Usiku wa pili akatetemeka, akaona vitu visivyokuwako, akaanguka kifafa. Daktari alituambia kwamba mwili uliozoea pombe kali kwa miaka mingi haupasi kunyimwa ghafla nyumbani, maana mtu aweza kufa. Humpasa aende hospitali, apewe dawa na aangaliwe siku za kwanza. Uganda ipo hospitali ya Butabika, na Kenya ipo ya Mathari, zenye kazi hiyo, lakini hata hospitali za wilaya zaweza kuanza. Kikundi si badala ya daktari. Daktari humtoa mtu mtoni, na kikundi humshika asirudi.

Baada ya miezi mitano baba alianguka. Ulikuwa msiba wa jirani, chungu kikawekwa, na mtu akampa mrija. Siku tatu hakuonekana. Mimi nalikuwa shuleni, nikapata habari kwa simu ya mama, na usiku ule sikusoma neno lolote lililoniingia. Nalifikiri yamekwisha. Alhamisi hakwenda mkutanoni. Basi jioni ile ile yule mzee na dereva wa lori wakaja nyumbani kwa baisikeli. Mama anasema hawakumkemea. Waliketi naye uani, wakanywa chai, na dereva akasimulia habari zake mwenyewe, jinsi alivyoanguka mara tatu kabla hajasimama. Kisha wakamwambia kiti chake kipo. Alhamisi iliyofuata akaenda.

Leo, ninapoandika, ni mwezi wa kumi na moja tangu siku ile. Pikipiki haijarudi. Baba anabeba mizigo kwa baisikeli kama alivyoanza. Sijui mwaka ujao utakuwaje, wala yeye hajui, na katika kikundi wanamfundisha asiuhesabu mwaka, ahesabu siku moja. Nilipokwenda likizo nilimsindikiza mpaka mlangoni mwa chumba kile, nikasikia wakimsalimu kwa jina, nikarudi nyumbani.

Ninyi wanafunzi wenzangu, nina maneno mawili. Najua baadhi yetu huruka ua Jumamosi usiku kwenda kunywa. Sitawataja. Lakini msidhani mlevi ni mtu mjinga asiyesoma. Festo alikuwa mwalimu, na Smith alikuwa daktari. Na ikiwa mzee wa mtu fulani anaonekana akiingia katika vikundi hivi, msimcheke mtoto wake bwenini. Mimi nalichekwa, najua inavyouma.

Na ninyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu mna vyumba: madarasa, ofisi, maghala, makumbi ya kanisa, ambayo jioni hukaa bure yamefungwa. Kikundi hakihitaji kitu kikubwa. Chahitaji viti kumi, taa, birika la chai, na mtu mwenye ufunguo asiyechelewa. Ikiwa mmoja wenu atafungua mlango mmoja hapa Busia au Tororo kila juma, atakuwa ameanzisha duara ya pili, na mtu mmoja anayerudi nyumbani kwa baisikeli jioni atakuwa na mahali pa kwenda.

Hizo ndizo habari za Festo Kivengere nilizotaka kuwasimulia. Nawatakieni nyote heri.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa kidato cha sita